Chora ukuta wa kanisa kabla haujapakwa rangi upya

Mwanza. Ukipanda daladala ya Kisesa asubuhi kutoka katikati ya Jiji la Mwanza, ukaifuata barabara kuu iendayo Musoma, utashuka kabla jua halijawa kali. Kutoka kituoni ni mwendo mfupi kwa bodaboda, au kwa miguu kama watoto hawajaanza kulalamika, hadi Bujora, mahali ambapo Makumbusho ya Wasukuma na kanisa la parokia vimesimama katika eneo moja.

Familia nyingi za Mwanza zimewahi kufika hapo walau mara moja, kwa ziara ya shule au kwa sherehe za Bulabo za mwezi Juni, zinazofuatana na sikukuu ya Ekaristi na kukutanisha vikundi vya ngoma kutoka pande zote za Usukuma. Watu hupiga picha na ngoma za watemi, hununua soda, hurudi mjini. Wachache huingia kanisani wakaketi nusu saa wakiangalia tu.

Wangeangalia, wangeona jambo ambalo si la kawaida kwa kanisa la umri wake. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, aliianzisha Bujora katika miaka ya 1950, wakati makanisa mengi ya misheni yalikuwa bado yanajengwa kwa kuiga Ulaya. Yeye alijenga la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya msonge. Ndani alitumia alama za utemi wa Kisukuma kumweleza Kristo kuwa ndiye Mtemi, na tabenakulo ikapewa sura ya nyumba ya Kisukuma. Nje kidogo, kwenye makumbusho, banda la ngoma za kitemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na lipo banda la Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzia karne ya 19 ambavyo hadi leo havikubali kushindwa kirahisi.

Kwa Msukuma wa wakati ule, hayo yote yalisomeka kama maandishi. Aliyeketi kwenye benchi hakuhitaji kuelezwa alama ipi ni ya nani. Mtoto wa leo wa Nyegezi au Buzuruga anahitaji kuelezwa, na wanaoweza kumweleza wanapungua kila mwaka.

Hapo ndipo yanapoingia makaratasi, penseli na kiboksi cha rangi za maji. Ieleweke mapema kwamba hapa hatuzungumzii ile rangi ya maji ya ndoo inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa ajili ya ukuta wa sebule. Ni zile rangi za vidonge au za mirija midogo, zinazolainishwa kwa maji na kupakwa kwenye karatasi kwa brashi. Duka kubwa la vifaa vya shule huwa nazo, na mara nyingi zinakaa hapo hadi vumbi linazifunika.

Somo kutoka makanisa ya udongo

Kazi ya kutunza sanaa ya kanisa kwa rangi za maji ina historia yake, na sehemu nzuri ya historia hiyo iko mbali na hapa, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani.

Wahispania walianza kuhamia huko mwaka 1598. Walijenga makanisa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, aina ambayo fundi yeyote wa Sengerema au Misungwi angeitambua. Kwa kuwa Hispania ilikuwa mbali na hata mji wa Mexico ulikuwa safari ya miezi, mafundi wa vijijini walichonga na kuchora watakatifu wao wenyewe. Walitumia mti laini wa eneo lile, wakaupaka unga wa jipsamu uliochanganywa na gundi ili upate uso mweupe, kisha juu yake wakatia rangi, nyingine zikiwa za udongo na mimea ya hapohapo. Jipsamu hiyohiyo, kwa bahati, ndiyo leo inayofunika dari za makanisa yetu mengi pamoja na kila kilichokuwa kimechorwa juu yake.

Kisha reli ilifika New Mexico, karibu na mwaka 1880, ikaleta sanamu za plasta za kiwandani. Zilikuwa zinang'aa, zote zinafanana, na waumini wengi waliziona kuwa ndizo za kisasa. Watakatifu wa zamani wakaondolewa altareni. Baadhi walitunzwa na familia, baadhi waliuzwa kwa watalii kwa bei ya kutupa.

Katika miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulipoanguka, serikali ya nchi hiyo iliwalipa wachoraji waliokosa kazi ili wachore vitu vya kale vya watu wa kawaida: vitanda, mitungi, nguo, wanasesere, sanamu za makanisani. Mradi huo uliitwa Index of American Design. Kati ya mwaka 1935 na 1942 ulitoa michoro zaidi ya 18,000, karibu yote ya rangi za maji, na leo inatunzwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Washington.

Kwa nini hawakupiga picha tu? Kamera zilikuwepo, ila picha za rangi wakati huo zilikuwa ghali na rangi zake hazikuaminika. Mchoraji aliyeketi mbele ya sanamu kwa siku kadhaa aliweza kuonyesha wekundu halisi wa joho, mpasuko wa mbao, na mahali ambapo rangi ilikuwa imelika kwa sababu ya mikono ya wanaosali. Kanuni yao ilikuwa kali: chora kilichopo, pamoja na uchakavu wake. Usirekebishe pua iliyovunjika.

Mbinu waliyofundishwa baadhi yao, hasa katika jimbo la Massachusetts, inamgusa mtu wa Mwanza kwa namna ya pekee. Ilitoka kwa wachoraji waliokuwa wamefanya kazi Misri, wakinakili picha za makaburi ya mafarao kwa ajili ya makumbusho ya Boston. Kwa maneno mengine, namna ya kuchora sanamu za makanisa ya Marekani ilijifunzwa kando ya Mto Nile, mto ambao sehemu ya maji yake inatoka kwenye ziwa hili tunalooshea vyombo.

Huko New Mexico kazi hii ina jina la mwanamke mmoja, E. Boyd. Alikuwa mchoraji aliyesomea Philadelphia na Paris. Alizunguka makanisa na majumba akichora watakatifu wa zamani, na mwaka 1938 likatoka jalada la kurasa 50 za sanaa ya Kihispania ya jimbo hilo, zilizopakwa rangi kwa mkono. Ila faida kubwa ilikuja baadaye. Kwa kuchora mstari kwa mstari, Boyd alijifunza kutofautisha mikono. Aliweza kusema sanamu hii na ile, zilizo vijiji viwili tofauti, zimetoka kwa fundi mmoja, kwa sababu ya namna alivyochora jicho au kukunja kitambaa. Mafundi waliokuwa wamesahaulika wakaanza kutajwa tena. Kuanzia mwaka 1951 alisimamia idara ya sanaa hiyo katika makumbusho ya jimbo mjini Santa Fe, hadi kwenye miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1974.

Mwanza ilikuwa na wake

Ni rahisi kudhani mambo haya ni ya wenzetu. Si kweli. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na mtu wa aina hiyo, ingawa hakuwa anashughulika na makanisa.

Hans Cory alikuwa Mwaustria aliyefanya kazi kama mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Usukuma. Mwaka 1953 vilitoka vitabu vyake viwili. Kimoja kilikuwa cha sheria na desturi za Wasukuma, ambacho mawakili na wanahistoria bado wanakitaja. Kingine, kisichojulikana sana, kilihusu picha za ukutani za Bayeye, yaani chama cha wacheza na nyoka.

Bayeye hawakuwa wacheza ngoma pekee. Walikuwa chama cha watu wenye dawa: walijua nyoka, walijua mitishamba, na waliitwa mtu alipoumwa. Mwanachama mpya alifundishwa ndani ya nyumba maalumu, na kuta za nyumba hiyo zilichorwa picha za nyoka, za watu na za visa vya asili ya chama chao. Ukuta ulikuwa ubao wa darasa. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo, na nyumba ya udongo isiyokarabatiwa haimalizi masika mengi. Kama Cory asingezichapisha picha hizo, wengi wetu tusingejua kwamba Usukuma uliwahi kuwa na sanaa ya ukutani.

Hapa inabidi kuweka jambo moja wazi, maana ukurasa huu unasomwa na familia. Mtu akiumwa na nyoka leo, awahishwe hospitali. Asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Shirika la Afya Duniani liliuweka uumaji wa nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwa sababu watu bado wanakufa kwa kuchelewa kupata tiba. Kuheshimu picha za Bayeye na kukimbilia hospitali ni mambo yanayoweza kukaa katika nyumba moja bila kugombana.

Upande wa makanisa, Afrika Mashariki pia ina kuta zinazostahili kuchorwa. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mkoani Kilimanjaro, mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a nchini Kenya maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, Yesu akiwa Mwafrika, na vilima nyuma yake vikiwa vilima vya Murang'a. Hizo zimepigwa picha na kuandikwa vitabuni. Shida ni kuta za makanisa madogo ya vigango, zile zilizochorwa na katekista mwenye kipaji au mwalimu wa shule ya msingi, ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Mara nyingi hakuna mtu mbaya katika hadithi ya kupotea kwake. Kamati ya ujenzi inakaa, harambee inafanyika, mchango unafika. Vigae vinawekwa, dari linafunikwa, na fundi anapewa makopo ya rangi ya mafuta ya krimu kwa sababu ndiyo inayosafishika kwa urahisi. Kazi inaanza Jumatatu. Jumapili waumini wanaingia, kanisa linang'aa, wanapiga makofi, na wana haki ya kupiga makofi. Malaika aliyekuwa juu ya mlango wa sakristia, aliyechorwa na mzee ambaye wajukuu wake wapo kwenye benchi la tatu, yuko chini ya mikono miwili ya rangi.

Nani anabaki na mchoro

Kuna swali ambalo wazazi wenye shauku wanaweza kulisahau. Mchoro ukishakamilika, unakwenda wapi?

Kisa cha kufikirisha kinatoka Gondar, Ethiopia. Mwaka 1932 msafara wa watafiti wa Kifaransa uliokuwa unavuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti ulifika katika kanisa la Abba Antonios, lililojengwa karne ya 17 na lenye picha nzuri sana. Mchoraji wa msafara, Gaston-Louis Roux, alinakili picha hizo kwa uangalifu. Kisha nakala zikabandikwa ukutani, na picha za asili zikaondolewa na kupelekwa Paris, ambako ziko hadi leo. Nakala iliyopaswa kuwa kumbukumbu ikawa kisingizio cha kuhamisha kitu chenyewe.

Hakuna anayetarajia mtoto wa darasa la sita aibebe tabenakulo ya Bujora kwenye begi. Hata hivyo kanuni ni ileile: kitu kinabaki mahali pake, na mchoro, au angalau nakala yake moja, unabaki karibu nacho. Kitabu cha Cory kilichapishwa London. Kijana wa Kisesa anayetaka kuona kuta za babu zake ana safari ndefu.

Kuanza ni Jumamosi moja

Anza kwa kuomba ruhusa kwa paroko au kwa mwenyekiti wa kigango, na kwa Bujora, kwa uongozi wa makumbusho pia. Usiende na watoto kumi siku ya kwanza. Wawili wanatosha, na kama yupo bibi au babu anayekumbuka kanisa lilipojengwa, yeye ndiye mgeni rasmi. Mtoto atangulize "mwangaluka" kwa mzee, kisha ndipo atoe penseli. Nusu ya kumbukumbu itakayopatikana siku hiyo haitatoka ukutani, itatoka kwa mzee huyo.

Karatasi iwe nzito. Karatasi ya kawaida ya fotokopi hukunjamana ikiguswa na maji. Iliyo bora ni ya gramu 300 kwa mita ya mraba, lakini hata daftari la kuchorea lenye kurasa ngumu litafanya kazi. Penseli moja ya HB, kifutio, futikamba, brashi nyembamba na nyingine nene, chupa mbili za maji, moja ya kuoshea brashi na moja safi.

Pima kwanza. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu kupima kunachosha na kupaka rangi kunavutia. Andika upana na urefu wa kitu chenyewe, kisha chagua kipimo rahisi, kwa mfano sentimita 10 za ukutani ziwe sentimita 1 kwenye karatasi. Chora kwa penseli hafifu. Kabla ya kupaka, kata kipande kidogo cha karatasi, changanya rangi, ipake hapo, iache ikauke, kisha kiinue kipande hicho mbele ya ukuta, karibu bila kuugusa, ulinganishe. Rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo jaribio la kwanza karibu kila mara linakuwa limekosea. Mtoto akikata tamaa hapo, mpe embe apumzike.

Anza na rangi nyepesi kuelekea nzito, na uache weupe wa karatasi pale penye weupe. Penye ufa, chora ufa. Penye alama ya mvua iliyopita kwenye bati, ichore.

Simu ya mkononi nayo itumike, hakuna sababu ya kuidharau. Piga picha ya ukuta wote na ya kila sehemu. Ila simu hurekebisha rangi yenyewe bila kuuliza, asubuhi inakupa wekundu mmoja na jioni mwingine, na simu ikiibiwa Mabatini picha zinakwenda nayo. Zaidi ya hapo, mtoto anayepiga picha ya alama huiangalia kwa sekunde mbili. Anayeichora huiangalia kwa saa nzima, na ndani ya saa hiyo huuliza maswali.

Tahadhari chache za kiafya. Msikwangue ukuta ili kuona rangi ya chini. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Wataalamu wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Brashi isilambwe ili kuchongoa ncha, tabia ambayo watoto huipata haraka ajabu. Na kama kanisa liko ufukweni, Ukerewe, Kome au kwingine, mtoto asitumwe kuingia ziwani kuchota maji ya kuchorea. Kichocho kiko ufukweni mwote huku, na vimelea vyake hupenya ngozi vikimkuta mtu amesimama majini. Chupa ya maji ya bomba kutoka nyumbani inatosha picha nzima.

Mchoro mmoja mzuri unaweza kuhitaji Jumamosi tatu. Wachoraji wa Index walichukua wiki kwa kitu kimoja, nao walikuwa wanalipwa.

Ukishakauka, geuza karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya na kuharibu upande wa pili: jina la kanisa, ukuta upi, tarehe, vipimo, nani alieleza maana na aliiitaje alama hiyo kwa Kisukuma, nani alichora na ana umri gani. Tengeneza nakala ya rangi stesheni. Ya asili ikae nyumbani kwa mchoraji, nakala ipelekwe ofisi ya parokia katika bahasha kavu. Iwekwe rafu ya juu ya kabati, si ya chini, kwa sababu ya mchwa.